HOFU YA MTOTO MBELE YA DAKTARI WA MENO: Nafasi ya Mzazi

Kuoza kwa meno ni mojawapo ya magonjwa ambayo sayansi imekwisha kuyaelewa vizuri. Chanzo chake chajulikana, njia za kujikinga zajulikana, na tiba yake, ikianza mapema, si ngumu. Hata hivyo watoto wengi hufikishwa kwa daktari wa meno wakati jino limekwisha kuharibika, na baadhi yao wafikapo hulia, hufumba vinywa na kukataa kuguswa. Hapo huzuka swali ambalo si la meno tena, bali ni la tabia. Je, mtoto huyo abembelezwe, akaripiwe, ashikwe kwa nguvu, au alazwe kwa dawa? Na ni nani mwenye haki ya kuamua, daktari au mzazi?

Makala hii inakusudia kueleza jinsi hofu ya mtoto inavyojengeka, mbinu zinazotumiwa na madaktari wa meno kuituliza, na yale ambayo watafiti wamegundua kuhusu mitazamo ya wazazi juu ya mbinu hizo. Msomaji ataona kwamba mtazamo wa mzazi hubadilika kwa maelezo, kwa haja na kwa nyakati. Ataona pia kwamba mtazamo huo ni sehemu ya tiba yenyewe, kwa sababu mtoto huusoma usoni mwa mzazi kabla ya kuketi katika kiti cha daktari.

1. Uzito wa jambo hili

Mtoto huota meno ya utoto 20. La kwanza aghalabu hutokeza afikapo miezi sita hivi, na yote huwa yamekamilika kabla au karibu ya kutimiza miaka mitatu. Kuanzia miaka sita hivi meno hayo hupisha meno ya ukubwani, ambayo yakitimia huwa 32.

Wazazi wengi hudhani kwamba jino la utoto halina thamani maadamu litang'oka. Dhana hiyo si sahihi. Jino la utoto humwezesha mtoto kutafuna na kutamka, na humshikia nafasi mwenzake atakayefuata. Likioza hadi kutunga usaha, usaha huo waweza kulidhuru jino la ukubwani linalokua chini yake. Usaha ukienea usoni na shingoni, waweza hata kuhatarisha maisha. Zaidi ya hayo, gego la kwanza la ukubwani huota nyuma ya magego ya utoto bila jino lolote kung'oka kwanza. Kwa hiyo mzazi huliona kuwa ni jino la utoto, akaliacha lioze, kumbe ni la kudumu.

Kuoza kwenyewe huenda polepole. Bakteria wanaoishi kinywani hula sukari na kutoa asidi. Asidi hiyo huyeyusha madini ya tabaka gumu la nje la jino. Tundu huanza bila maumivu yoyote. Maumivu makali huja baadaye, uozo unapokaribia kiini laini cha jino, mahali penye neva na mishipa ya damu. Tundu dogo huzibwa upesi, pengine bila sindano. Tundu kubwa lililofika kwenye kiini lahitaji sindano ya ganzi, na mara nyingi jino hung'olewa.

Basi mtoto anayesubirishwa hadi aumwe hukutana na daktari kwa mara ya kwanza katika siku mbaya kuliko zote: hajalala, ana maumivu, na tiba anayoihitaji ni ile inayotisha zaidi. Somo analolipata siku hiyo huweza kudumu hadi utu uzima. Mtu mzima anayemwogopa daktari wa meno huchelewa kwenda, na anayechelewa huumia zaidi, na maumivu hayo huithibitisha hofu yake. Huo ni mviringo usio na mwisho.

2. Jinsi hofu inavyojengeka

Mtoto mchanga hamwogopi daktari wa meno, maana hamjui. Hofu hiyo hufunzwa. Mwaka 1977 mwanasaikolojia Stanley Rachman alieleza kwamba binadamu huipata hofu kwa njia tatu: kwa yaliyomfika mwenyewe, kwa kuwatazama wengine wakiogopa, na kwa maneno anayoambiwa.

Njia ya kwanza yaeleweka kwa kukumbuka majaribio ya mwanasayansi wa Urusi, Ivan Pavlov (1849-1936). Pavlov alionyesha kwamba mbwa akisikia sauti fulani kila mara kabla ya kupewa chakula, hatimaye hudondokwa na mate kwa kuisikia sauti hiyo tu. Vivyo hivyo, mtoto akiumizwa penye koti jeupe, harufu ya dawa na mlio wa mashine ya kutobolea jino, vitu hivyo vitatu huja kumtisha hata pasipo maumivu. Wahenga walilijua jambo hili kabla ya maabara waliposema kwamba aumwaye na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Kanuni hiyo ina upande wake wa heri. Mtoto aliyekwisha kumzuru daktari mara kadhaa bila kuumia hashikwi na hofu kwa urahisi siku atakapoumia kidogo. Ziara zile tulivu za awali humkinga, karibu kama chanjo inavyomkinga na ugonjwa.

Njia ya pili ni kutazama. Mwaka 1968 watafiti Johnson na Baldwin wa Marekani waliwachunguza watoto wadogo waliokuja kung'olewa meno, na kuipima pia hofu ya mama zao. Watoto ambao mama zao walikuwa na hofu kubwa walionyesha tabia mbaya zaidi kuliko wale ambao mama zao walikuwa watulivu. Mzazi aweza kunyamaza kimya, lakini mkono wake uliokaza na uso wake uliokunjamana humwambia mtoto kila kitu.

Njia ya tatu ni maneno. Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki mtoto mtundu hutishwa hivi: "Ukilia, daktari atakuchoma sindano!" Mzazi hukusudia kumnyamazisha kwa dakika moja tu, lakini amemfunza kwamba tiba ni adhabu. Kinyume cha tishio hilo ni uongo wa huruma: "Haitauma hata kidogo." Mtoto akiumia baada ya kuambiwa hivyo, hupoteza imani kwa daktari na kwa mzazi pia.

Hofu ikishaingia, mwili nao hubadilika. Tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini katika damu, moyo hupiga mbio, misuli hukaza. Mtu mwenye hofu huhisi maumivu kwa ukali zaidi kuliko mtu mtulivu. Kwa hiyo kumtuliza mtoto ni njia mojawapo ya kumpunguzia maumivu, wala si adabu tu.

3. Mbinu za kumtuliza mtoto

Madaktari wa meno ya watoto wana mbinu nyingi. Zilizo maarufu ni hizi zifuatazo:

(a) Eleza, onyesha, tenda. Mbinu hii ilielezwa na daktari Harold Addelston wa Marekani mwaka 1959. Daktari humweleza mtoto kwa maneno mepesi jambo analotaka kulifanya, humwonyesha chombo na jinsi kinavyofanya kazi, pengine juu ya ukucha wa mtoto, kisha hulitenda jambo lile lile alilolieleza, bila kuongeza wala kuchelewa.

(b) Kusifu tendo jema. Msingi wake ni kazi za B. F. Skinner (1904-1990), aliyeonyesha kwamba tendo linalofuatwa na tuzo hurudiwa. Sifa hutajwa pamoja na tendo: "Vizuri sana, umefungua kinywa na kutulia."

(c) Mfano wa mwenzake. Mwaka 1975 Barbara Melamed na wenziwe walionyesha kwamba watoto waliotazama filamu ya mtoto mwingine akitibiwa kwa utulivu walionyesha hofu ndogo na ushirikiano mkubwa zaidi walipotibiwa wao. Mahali pasipo na filamu, kaka au dada mtulivu hutosha.

(d) Ishara ya kusimamisha. Daktari na mtoto hupatana kwamba mtoto akiinua mkono, kazi itasimama. Mtoto ajuaye kwamba ana uwezo wa kusimamisha jambo hulivumilia zaidi. Lakini ahadi hiyo hapana budi itimizwe.

(e) Kubadili sauti. Daktari hupaza au hushusha sauti ghafla ili kuvuta usikivu wa mtoto.

(f) Kumzuia mtoto. Mtoto hushikwa na mzazi au msaidizi, au hufungwa kwa kitambaa juu ya ubao maalumu, ili asijeruhiwe na vyombo.

(g) Mkono juu ya kinywa. Mbinu hii ilijulikana Marekani tangu miaka ya 1920. Daktari aliweka kiganja juu ya kinywa cha mtoto aliyepiga kelele, bila kumzuia kupumua, akimwambia kwa upole kwamba akinyamaza mkono utaondolewa.

(h) Gesi ya nitrasi oksaidi. Gesi hii ilitumiwa katika kung'oa meno na Horace Wells mjini Hartford, Marekani, mwaka 1844. Siku hizi huchanganywa na oksijeni. Mtoto hubaki macho lakini hutulia.

(i) Nusukaputi. Mtoto hulazwa usingizi kamili. Mbinu hii yahitaji chumba cha upasuaji, mtaalamu wa usingizi na vifaa vya kusimamia pumzi. Hatari yake si kubwa mikononi mwa wataalamu, lakini ipo.

Mbinu nne za mwanzo hutegemea ujifunzaji, nazo hazimdhuru mtoto. Tano zilizosalia ndizo zinazohitaji mashauriano zaidi na mzazi, ama kwa sababu hutumia nguvu, ama kwa sababu hutumia dawa.

4. Wazazi wana maoni gani?

Kwa muda mrefu madaktari waliamua peke yao, na mzazi aliachwa nje ya mlango. Kuanzia miaka ya 1980 watafiti wa Marekani walianza kuwauliza wazazi wenyewe. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1984 na Murphy, Fields na Machen, wazazi walionyeshwa filamu za video za mbinu mbalimbali, kisha wakatakiwa kusema kila mbinu inakubalika kwa kiasi gani. Mbinu ya kueleza, kuonyesha na kutenda, pamoja na kusifu, zilikubalika sana. Mkono juu ya kinywa, ubao wa kumfungia mtoto, na nusukaputi vilikuwa miongoni mwa mbinu zilizokataliwa zaidi. Watafiti hao walionyesha pia kwamba jibu la mzazi hutegemea aina ya tiba inayohitajiwa. Mbinu ile ile huweza kukubalika katika tiba moja na kukataliwa katika nyingine.

Mwaka 1991 Lawrence na wenziwe waliliongeza swali jingine: je, maelezo yana nguvu gani? Baadhi ya wazazi walielezwa sababu ya kila mbinu kabla ya kuitazama, na wengine hawakuelezwa. Waliotangulia kuelezwa walizikubali mbinu hizo zaidi. Matendo waliyoyatazama yalikuwa yale yale; kilichotofautiana ni kuelewa.

Mwaka 2005 Eaton na wenziwe walirudia uchunguzi wa namna hii. Kueleza, kuonyesha na kutenda bado kulikuwa juu ya orodha, na mkono juu ya kinywa bado ulikuwa chini kabisa. Lakini nusukaputi, iliyokuwa karibu na mkia miongo miwili iliyotangulia, ilikuwa imepanda hadi nafasi ya tatu. Kubadili sauti, mbinu isiyotumia dawa wala mshiko, kuliwekwa chini ya kushikwa kwa mikono. Wazazi wa kizazi kipya walikubali dawa kuliko kumwona mtoto wao akikaripiwa. Mwaka uliofuata, 2006, Akademia ya Tiba ya Meno ya Watoto ya Marekani iliiondoa mbinu ya mkono juu ya kinywa katika miongozo yake.

Mwanafunzi wa sayansi yampasa azisome habari hizi kwa uangalifu. Kwanza, waliohojiwa walikuwa wazazi wa mahali fulani nchini Marekani. Majibu yao hayawezi kuchukuliwa kuwa ni ya wazazi wa Mwanza, Kisumu au Bujumbura. Pili, mzazi anayetazama filamu ya mtoto wa mwingine hayuko katika hali moja na mzazi aliyemshika mwanawe mkono. Tatu, kukubalika kwa mbinu si ushahidi kwamba mbinu ni salama. Nusukaputi haikupungukiwa na hatari kwa sababu wazazi waliipenda.

5. Je, mzazi akae chumbani?

Swali hili lilipimwa mwaka 1962 na Frankl, Shiere na Fogels. Watafiti hao waligawa tabia ya mtoto katika daraja nne: anayekataa kabisa, anayekataa kidogo, anayekubali, na anayekubali kwa furaha. Kipimo hicho kingali kinatumika hadi leo. Waligundua kwamba watoto wa umri wa miaka mitatu na nusu hadi minne hivi walitulia zaidi mama alipokuwapo, ilhali kwa wale waliozidi umri huo kuwapo kwake hakukuleta tofauti.

Funzo lake ni kwamba jibu hutegemea umri wa mtoto, na kwa mujibu wa utafiti wa 1968, hutegemea utulivu wa mzazi pia. Mzazi mwenye hofu afadhali amwachie shangazi, babu au ndugu mwingine mtulivu kazi ya kuketi na mtoto. Na yeyote aliyeketi humo aache sauti moja tu, ya daktari, imwongoze mtoto. Watu wawili wakimwamuru kwa pamoja, hamsikii hata mmoja.

6. Hali ya Afrika Mashariki

Mbinu nyingine huhitaji vifaa ambavyo zahanati nyingi hazina. Lakini Afrika Mashariki imetoa mchango wake katika jambo hili. Katikati ya miaka ya 1980, katika mpango wa afya ya kinywa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilianza kutumika njia ya kuziba meno kwa vyombo vya mkono peke yake. Sehemu laini iliyooza hukwanguliwa bila mashine, kisha tundu huzibwa kwa glasi ayonoma, aina ya saruji inayoshikana na jino na kutoa floridi polepole. Njia hiyo haihitaji umeme, na mara nyingi haihitaji sindano ya ganzi. Shirika la Afya Duniani liliitangaza ulimwenguni tarehe 7 Aprili 1994. Iliundwa kwa ajili ya mahali pasipo na umeme, lakini kwa mtoto ina faida nyingine: huondoa mlio wa mashine, yaani kile kichocheo ambacho hofu hujifunga nacho. Sharti lake ni kwamba mtoto aletwe mapema.

Lipo pia jambo la mshiko. Mzazi wa Afrika Mashariki aliyekuja kutoka mbali, aliyepoteza siku ya kazi na nauli, huenda akasema: "Mshikeni tu, daktari, amalizike." Maneno hayo hutoka katika mapenzi na uchovu. Lakini mzazi asiyeelezwa njia nyingine hajatoa ridhaa ya kweli. Amechagua njia pekee aliyoijua. Ikiwa jino lina tundu dogo lisilouma, kazi yaweza kuahirishwa, na siku hiyo mtoto akaridhishwa na kupanda kitini na kuhesabiwa meno. Ikiwa uso umevimba kwa usaha na hospitali yenye nusukaputi iko mbali, kumshika mtoto kwa muda mfupi, baada ya ganzi na baada ya mzazi kuelezwa, kwaweza kuwa dhara dogo kati ya mawili. Tendo ni moja, lakini hukumu yake hutofautiana kwa sababu haja ni tofauti. Methali ya samaki mkunje angali mbichi haikusudii nguvu; samaki mbichi hukunjika bila kuvunjika, na ndiyo sababu akunjwe mapema.

7. Hitimisho

Hofu ya mtoto ni matokeo ya kujifunza, na kinachofunzwa chaweza kufunzwa upya. Walimu wa kwanza wa hofu hiyo, na wa ujasiri pia, wako nyumbani. Yafaa basi mzazi afanye haya: amlete mtoto kabla hajaumwa, asimtishe kwa sindano wala kumwahidi kwamba hatahisi kitu, bali amwambie kwa ufupi kwamba daktari ataangalia meno na atamweleza kila hatua, na aulize kabla ya tiba, "Akikataa, mtafanya nini?" Daktari naye hana budi kulijibu swali hilo kabla mtoto hajapanda kitini, maana maelezo yatolewayo wakati mtoto analia hayasikiki na yeyote.

Maswali ya mazoezi

1. Taja njia tatu za kupata hofu alizozieleza Rachman, na utoe mfano mmoja wa kila njia kutoka katika mazingira ya nyumbani.

2. Katika mfano wa mtoto aliyeumizwa kwa daktari, ni vitu gani vinavyolingana na sauti na chakula katika majaribio ya Pavlov?

3. Kwa nini gego la kwanza la ukubwani huoza bila wazazi kujali? Eleza namna ya kulitambua.

4. Utafiti wa 1991 uliwagawa wazazi katika makundi mawili. Eleza kwa nini kundi lisilopewa maelezo lilikuwa la lazima.

5. Mjadala wa darasani: "Ridhaa ya mzazi yatosha kuhalalisha mtoto kushikwa kwa nguvu." Upande mmoja uunge mkono na mwingine upinge. Kila upande utumie angalau mambo mawili yaliyothibitishwa katika makala hii.